Mrejesho: mafaili 48 ya mbuta yamekubali

Wadau, nimerudi na shukrani. Niliuliza namna ya kurudia hesabu ileile kwenye mafaili 48 ya CSV (majedwali ya maandishi yanayotenganishwa kwa koma) yenye uzito wa samaki aina ya mbuta kutoka fuo za Kisumu, bila kufungua moja moja. Njia ya R, lugha ya kompyuta ya takwimu, imekubali: list.files inakusanya majina, lapply inapitisha kila faili kwenye hesabu yangu, rbind inaunganisha matokeo kuwa jedwali moja. Kazi ya siku mbili inaisha kabla chai haijapoa!

Faili moja tu lilinitoa jasho. Mtu aliandika "2,5" badala ya 2.5, R ikasoma safu nzima kama maneno, wastani ukatoka NA, yaani hakuna thamani. Nikabadilisha koma kuwa nukta kwa amri ya gsub, kisha as.numeric ikageuza maneno kuwa namba. Mafaili matatu nimeyakagua kwa mkono, majibu yanalingana. Asanteni sana, ndugu zangu.