Laptopu inakaa kwenye umeme kutwa nzima: nichaji vipi betri isife mapema?

kibodi_chakavu

Wakuu, habari za leo. Nina HP EliteBook 840 G5, imenifikia ikiwa imeshatumika. Betri ni ya ndani, SS03XL, 11.55 V, 50 Wh. Inakaa mezani ikiwa imechomekwa tangu asubuhi hadi jioni, na umeme wa huku unakatika bila taarifa.

Ripoti ya Windows inasema: ujazo wa kiwandani 50,010 mWh, ujazo wa sasa ikijaa 31,200 mWh, mizunguko 412.

Ushauri ninaopewa unagongana. Kuna anayesema niimalize hadi sifuri kila wiki, kuna anayesema nichomoe adapta ikifika 100 na nichomeke ikifika 20, na kuna anayesema niitoe betri kabisa nitumie umeme tu. Fundi naye anasema anaweza "kuistua" irudi kama mpya. Nifuate lipi?

saketi_mbichi

Mkuu, anza na la fundi: achana nalo. 31,200 kwa 50,010 ni asilimia 62, na zile 38 zilizokwenda hazirudi. Sehemu ya lithiamu imekwama kwenye utando unaojijenga juu ya grafiti ndani ya seli, na hakuna mkondo wa umeme unaoikwamua. Kustua maana yake ni kuruka bodi ya ulinzi na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye seli. Bodi ikiwa imejifunga kwa sababu seli imeshuka sana, tuseme chini ya volti 2.5, inakuwa na sababu: ikizidi kushuka, shaba ya ndani huanza kuyeyuka, halafu ukiichaji tena shaba hiyo huganda pasipotakiwa na kuleta shoti. Betri za namna hiyo ndizo zinazowaka moto.

La kuimaliza hadi sifuri lilikuwa na maana enzi za betri za nikeli-kadimi. Lithiamu-ioni, ambayo Sony waliiingiza sokoni mwaka 1991, haina "kumbukumbu" ya kufutwa. Kila ukiifikisha sifuri unaichosha tu.

Kinachoiua yako ni kukaa imejaa huku ina joto. Gawa 11.55 kwa seli 3 upate 3.85 V kila moja. Hizo ni seli za volti ya juu, na zikijaa zinasimama kwenye 4.35 hadi 4.4 V. Kadiri volti inavyokuwa juu kwa muda mrefu ndivyo kemikali za ndani zinavyoharibika. Takwimu zinazotumika sana kwa lithiamu-ioni iliyohifadhiwa mwaka mzima ni hizi: ikiwa na chaji asilimia 40 kwenye nyuzi 25 hubaki na ujazo wa karibu 96. Ikiwa imejaa kwenye nyuzi hizohizo, hubaki na 80. Ikiwa imejaa kwenye nyuzi 40, hubaki na 65. Na hapo haijatumika hata dakika moja.

Kwa hiyo iache imechomekwa, ila izuie isijae:

1. Izime, iwashe huku ukibonyeza F10 mfululizo mpaka uingie kwenye bayosi (menyu ya mipangilio inayofunguka kabla ya Windows).
2. Fungua "Advanced", kisha "Power Management Options".
3. Tafuta "Battery Health Manager", chagua "Maximize my battery health", hifadhi, toka.

Usipouona mstari huo, bayosi yako ni ya zamani. Isasishe kwanza, tena siku betri ina chaji ya kutosha na adapta imechomekwa, maana umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo utatafuta fundi wa ubao mama. Baada ya hapo chaji itakuwa inasimama kwenye 80. Kama leo iko 100, chomoa adapta uitumie mpaka ishuke chini ya 80 ndipo urudishe.

Kuchomoa kwenye 100 na kuchomeka kwenye 20 kunakuongezea mizunguko bure. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 zilizotumika: 50 leo na 50 kesho ni mmoja. Kutoa betri nako hakufai kwako, umeme ukikatika tu kazi imepotea.

dada_wa_feni

Naongezea upande wa joto, maana watu wanaweka kikomo cha 80 halafu laptopu wanaipakata juu ya godoro. Nyingi za aina hii hewa huingilia chini. Kitanda, mto au kitambaa cha meza kinaziba matundu, feni inapiga kelele, na joto lote linarudi kwenye betri iliyo hatua chache kutoka kwa prosesa. Meza ngumu inatosha. Ukiinua sehemu ya nyuma kwa sentimita 2 ni bora zaidi.

Vumbi je? Fungua mfuniko, shika mapanga ya feni yasizunguke, pulizia hewa kwenye mapezi ya shaba kutoka nje kwenda ndani. Ukiacha feni izunguke kwa upepo wa pampu unaua beringi zake.

Usichaji laptopu iliyotoka kwenye gari lililoegeshwa juani. Kikomo cha kuchaji kwa seli nyingi ni nyuzi 45. Bodi ikikataa kuchaji mpaka betri ipoe, inafanya kazi yake, msiende kubadilisha adapta.

Kwa wasio na HP, kikomo kinapatikana hivi: ThinkPad iko kwenye programu ya Lenovo Vantage, weka ianze 75 iishie 80. Dell iko kwenye bayosi, chagua "Custom" au "Primarily AC Use". Asus wana programu ya MyASUS yenye kikomo cha 80. Wa Linux wenye ThinkPad, sakinisha TLP (programu ya kusimamia matumizi ya umeme), kisha kwenye /etc/tlp.conf andika:

START_CHARGE_THRESH_BAT0=75
STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=80

Malizia na sudo tlp start.

jenereta_kimya

Hesabu zenu nzuri kwa wenye umeme wa uhakika. Huyu ndugu ana 31 Wh tu. Asilimia 80 yake ni 25 Wh. Laptopu hiyo kwa kazi za ofisi inakula kama wati 10, kwa hiyo umeme ukikatika ana saa mbili na nusu, na akifungua mkutano wa video wenye kamera ikifika wati 20 ana saa moja na kidogo. Betri ni ya kutumiwa, si ya kuwekwa kabatini kama vyombo vya wageni. Mimi ningeiacha 100 nikanunua nyingine ikifa.

saketi_mbichi

@jenereta_kimya hoja yako ina uzito, lakini kikomo si kiapo. Siku mgao umetangazwa, ondoa kikomo usiku uliotangulia, ijaze, itumie, kisha rudisha. Kinachoumiza ni kukaa 100 wiki baada ya wiki.

Njia nyingine ni pawabenki. 840 G5 inachaji kwa USB-C, kwa hiyo tafuta yenye PD (Power Delivery, mfumo wa kuchaji kwa USB-C) inayotoa 20 V, angalau wati 45, 65 ikiwezekana. Ya 20,000 mAh usiihesabu kwa mAh: 20 Ah × 3.7 V ni 74 Wh, ukitoa kinachopotea njiani unapata kama 60. Hiyo ni karibu mara mbili ya betri yake ilivyo sasa. Ile inayotoa 5 V pekee haitasaidia, hata iandikwe mAh ngapi.

Na umeme ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka, au tumia kile kifaa cha kulinda friji. Adapta inapokea volti 100 hadi 240, hivyo umeme hafifu haiogopi. Inauawa na ule mruko wa kwanza.

kibodi_chakavu

Nashukuru wakuu, kikomo nimekiona kwenye bayosi na nimeweka. Maswali mawili. Ikifika asilimia 24 inazima ghafla, hilo ni la kurekebisha kipimo cha chaji? Na tachipadi upande wa chini imekuwa ngumu kubonyea, nayo ina uhusiano?

dada_wa_feni

Ndugu yangu, la tachipadi ndilo ungelitanguliza. Betri ya laptopu hii inalala chini ya sehemu ya kuwekea viganja. Tachipadi ikiacha kubonyea, au laptopu ikiyumba juu ya meza iliyonyooka, chukulia kuwa betri imevimba. Ni gesi inayotoka kwenye elektroliti iliyooza. Usiichaji tena, na suala la kipimo lisahau.

Izime kabisa, chomoa adapta. Igeuze, legeza skrubu za mfuniko wa chini kwa bisibisi ya nyota. Skrubu hizo hazichomoki, zinabaki kwenye mfuniko. Ondoa skrubu zinazoishika betri, inyanyue kwa vidole bila kuikunja. Usiibanjue kwa bisibisi, usiitoboe kutoa gesi, usiibonyeze irudi bapa. Iweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu, nje, mbali na vitu vya kuungua, kisha ipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Jalalani hapana, taka huchomwa moto.

Ukikuta ni bapa kabisa, kosa ni la tachipadi yenyewe. Hapo ndipo urekebishe kipimo: ondoa kikomo, jaza hadi 100, iache saa mbili, itumie mpaka ijizime, jaza tena bila kukatisha. Mara moja kwa miezi mitatu inatosha.

saketi_mbichi

Naunga mkono. Mpaka upate nyingine, laptopu itawaka kwa adapta peke yake, ila hifadhi kazi kila mara.

Ukienda kununua, linganisha namba SS03XL, volti 11.55 na Wh zilizoandikwa. Zidisha mwenyewe: 11.55 × 4.33 Ah ni 50. Lebo isiyokubali hesabu hiyo ni ya kubandikwa. Shika ya zamani mkono mmoja na mpya mkono mwingine, mpya ikiwa nyepesi waziwazi irudishe. Kwa betri za kuchomoa zenye seli 6 za mviringo ni rahisi zaidi, kila seli ina gramu 45 hivi, hivyo pakiti nzima chini ya gramu 270 ina kasoro. Soma na tarehe ya kutengenezwa, iliyokaa dukani miaka 3 imeshazeeka hata kama nailoni haijafunguliwa.

Ukiifunga, endesha amri ya Windows ya powercfg /batteryreport palepale dukani. Ujazo ikijaa uwe karibu sawa na wa kiwandani na mizunguko iwe sifuri au inayokaribia. Lakini namba hizo chipu inaweza kudanganywa, kwa hiyo omba siku chache za majaribio: ijaze, itumie mfululizo hadi 10, kisha toa ripoti tena uone ni mWh ngapi zimetoka. Ikizima kabla ya kutoa 40,000, irudishe dukani.