Mtangazaji mpya wa kipindi cha mahojiano analalamikiwa kila wiki: haya maoni ya watazamaji tunayasomaje?

Fundi_Ratiba (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kipindi ni cha mahojiano, cha kila wiki. Tunarekodi Jumanne hapa Dar, kinaruka Alhamisi saa tatu usiku nyuma ya taarifa ya habari, na Ijumaa asubuhi kinapandishwa YouTube. Dakika 50, ukitoa matangazo zinabaki 41, vipande vinne. Dada aliyekiendesha miaka minne ameondoka, kaingia kijana kutoka redioni. Vimeruka vipindi vitano na komenti ni zilezile: "anamkatiza mgeni", "kelele", "anacheka kuliko mgeni", "maswali ya kujipendekeza", "rudisheni dada yetu". Mdhamini kazisoma, bosi kazisoma, mwisho wa mwezi kuna kikao.

Naomba ushauri. Maoni haya yanachambuliwaje mpaka yawe kitu cha kufanyia kazi? Kipi kinarekebishika na kipi hakirekebishiki? Asubiriwe vipindi vingapi? Na yeye mwenyewe awajibu watu au anyamaze? Msiniambie tu "mtoeni", hilo tunalisoma kila siku.

Nawasilisha.

Popo wa Tandale

Ngoja waje wajuzi. Ila mtoeni.

Shangazi_Mhariri

Mwanangu, acha kwanza kusoma komenti kwa macho, macho hukumbuka matusi tu. Fungua jedwali. Chukua komenti zote za vipindi vitano, zipange mpya kwanza, kwa sababu ule mpangilio wa kawaida unaotanguliza zilizopendwa utakurudishia kumi zilezile kila ukifungua. Safu ziwe tano: akaunti, kipindi, dakika iliyotajwa kama ipo, lalamiko, na nani anahusika nalo. Hesabu watu, usihesabu komenti. Aliyeandika "rudisheni dada" mara nane bado ni mtu mmoja.

Kazi iko kwenye ile safu ya mwisho. "Rudisheni dada yetu" haina wa kuitendea kazi, huo ni msiba na watu wana haki ya kuomboleza. Iandike, ihesabu, iache. "Kujipendekeza" mara nyingi ni kosa la mwandaaji aliyemtumia meneja wa mgeni orodha nzima ya maswali, meneja akafuta yaliyo makali. Mgeni apelekewe mada, maswali yabaki kwenu. "Anamkatiza" ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu kukatiza kuna aina tatu na dawa zake hazifanani.

Kaa na kipindi kimoja na saa ya kuhesabu sekunde. Kila mgeni anapokatwa, andika dakika na sababu. Aina ya kwanza ni kuitikia: "eeh", "sawa", "kweli kabisa". Redioni watu huzoea hilo kwa kuwa msikilizaji haoni kichwa kikitikiswa. Kwenye runinga anaona, kwa hiyo kila "eeh" inakuwa kelele. Mwambie aitikie kwa kichwa. Aina ya pili ni kummalizia mgeni sentensi. Hapo ahesabu moja, mbili kimoyomoyo mgeni anaponyamaza, maana katika sekunde hizo mbili ndipo mgeni huongeza lile neno ambalo kesho litakuwa klipu.

Ya tatu ni kukimbizana na muda, na hii msimsingizie kijana. Dakika 41 kwa vipande vinne ni dakika kumi na kitu kila kipande. Ukimpa kadi ya maswali 12 kwa kipande, kila swali pamoja na jibu lake lina sekunde 50 hivi. Hata malaika angekatiza. Mpe matano: mawili ya lazima yenye alama, matatu ya akiba. Na swali lenyewe lisizidi sekunde 15 kulitamka. Likifika 25 ujue ndani yake mna maswali mawili, na mgeni atajibu lililo rahisi.

MzeeWaMiksa

Shangazi kamaliza upande wake. Mimi naliona neno "kelele". Watazamaji hawajui kusema "mizani ya sauti ni mbovu", wanasema "huyu jamaa ana kelele". Kagua haya kabla hujamlaumu.

Mafundi wengi hupima maiki kwa "moja mbili, moja mbili". Mcheshi hupimwa kwa kicheko. Mchekeshe kabla ya kurekodi. Kwenye mita ya desibeli, ambako 0 ndiyo dari, maneno ya kawaida yafike kilele cha karibu -12, kicheko kisivuke -6, na kizuizi (kile kinachozuia sauti isipite kiwango) kikae -3. Mkipima kwa maneno matupu, kicheko kinagonga dari, sauti inapasuka, na hilo ni vigumu kulisafisha baadaye.

Pili, maiki zote mbili zikiwa wazi kwa kiwango kimoja muda wote, kila pumzi ya mtangazaji iko juu ya jibu la mgeni. Mgeni akianza kujibu, shusha ya mtangazaji kwa desibeli 6 hadi 10. Usiifunge kabisa, utameza silabi ya kwanza ya swali linalofuata. Kazi hiyo inataka kidole kwenye mtambo dakika zote 41, si kupanga mwanzoni na kwenda kunywa chai.

Tatu, YouTube. Faili la runinga likiwa limesawazishwa kwa -23 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ya kipindi kizima) na mkalipandisha hivyohivyo, ni la chini kuliko video nyingine. YouTube hushusha zilizo juu ya -14 hivi, lakini kwa kawaida iliyo chini haiinui. Kwa hiyo mtu anaongeza sauti ya simu hadi mwisho ili amsikie mgeni, halafu kijana anacheka. Lazima aandike "kelele". Tengenezeni nakala ya pili kwa ajili ya YouTube, karibu na -14, baada ya kusawazisha sauti za hao wawili.

Kamera_Namba3

Naongezea la picha. "Anacheka kuliko mgeni" liangalieni na mwongozaji wa studio. Kama kila kijana akicheka kamera inamkimbilia, watazamaji wataona kicheko chote, wakati mgeni alikuwa anasema jambo. Chukueni kipande kimoja, hesabuni sekunde ambazo sura ya mtangazaji iko peke yake kwenye skrini wakati mgeni anaongea. Zikizidi moja ya tano ya muda huo, kosa ni la chumba cha mitambo. Mgeni akianza kujibu, baki naye. Mtangazaji aonekane akisikiliza, kwa ufupi, basi.

Halafu kile kifaa cha sikioni. Mtu mmoja tu aongee naye, na kwa maneno mawili matatu: "dakika mbili", "rudi kwenye swali", "funga". Mkiongea naye watatu mnamfanya aulize kitu ambacho mgeni amejibu sasa hivi, na mtandaoni ataitwa mjinga kwa kosa lenu.

Mama Wawili

Mimi si fundi, ni mtazamaji tu, ila kuna kitu mmekiruka. Kijana anapomkaribisha mgeni wa umri wa mzazi wake kwa "mambo vipi", sisi nyumbani tumeshamaliza kumhukumu kabla hajauliza chochote. Amwamkie shikamoo, na isikike hewani, si nyuma ya kamera. Akiwa na rika lake achangamke atakavyo. Na asimwite kila mtu "legendi". Wakiwa wote malegendi hakuna legendi.

Fundi_Ratiba

Mama, hilo limo kwenye komenti kama "hana adabu", sisi tulidhani wanasema kuhusu maswali. Asante sana.

Saa_Tano_Usiku

Mkuu, kwa ajili ya kikao mpelekee bosi mfano wa The Tonight Show, kipindi cha mahojiano cha usiku cha kituo cha NBC, Marekani. Conan O'Brien alikipokea kutoka kwa Jay Leno tarehe 1 Juni 2009. Septemba mwaka huohuo NBC wakampa Leno kipindi kipya saa nne usiku. Hicho kikashindwa kubakiza watu, vituo vya mikoani vikalalamika kwamba taarifa zao za habari za saa tano zinaanza bila watazamaji, na Conan ndiye aliyefuata baada ya habari hizo. Januari 2010 wakubwa wakataka Leno arudi saa tano na dakika 35, Conan asogezwe hadi saa sita na dakika tano. Akakataa, akaondoka tarehe 22 Januari. Hakumaliza hata miezi minane.

Kwa hiyo usiku wa Alhamisi msiangalie namba za kipindi peke yake. Angalieni na za taarifa ya habari iliyotangulia. Kama habari nayo imeshuka kwa kiasi hichohicho, kijana anarithi ukumbi mtupu. Kama habari imebaki palepale na ninyi mmeshuka, hapo kuna hoja.

Kuhusu kusubiri, mimi ningesema robo mwaka, vipindi 13. Trevor Noah alipomrithi Jon Stewart kwenye The Daily Show, kipindi cha Marekani cha kuchekesha kwa habari, Septemba 2015 alilinganishwa naye sana, na akakaa miaka saba. Kosa lenu jingine, mkuu, ni kubadilisha mtu katikati ya msimu. The Late Late Show, kipindi cha mahojiano cha Ireland, mtangazaji Ryan Tubridy aliondoka Mei 2023, Patrick Kielty akaanza Septemba; katikati kulikuwa na mapumziko ya msimu. Watu wakapata muda wa kumkosa wa kwanza kabla ya kuletewa wa pili. Ninyi wiki hii dada, wiki ijayo kijana, kiti kilekile, muziki uleule. Hapo mmewaandalia watazamaji mtihani wa kulinganisha.

Popo wa Tandale

Robo mwaka mdhamini atakuwa ameshahama.

Msoma_Grafu

Popo ana hoja, ndiyo maana mdhamini apelekewe namba sahihi. Kosa ninaloliona kila mahali: mtu anachukua kipindi cha dada cha miaka miwili iliyopita chenye watazamaji laki tatu, anakiweka kando ya cha kijana cha wiki jana. Kile kimevuna miaka miwili! Linganisha siku 7 za kwanza kwa siku 7 za kwanza. Chukua vipindi 10 vya mwisho vya dada, vipange kutoka kidogo hadi kikubwa, tazama namba ya katikati. Usitumie wastani, kwa sababu msanii mmoja mkubwa wa Bongo Fleva anaweza kuubeba peke yake.

Kisha ingia Studio ya YouTube (ukurasa wa mwenye chaneli), fungua mchoro unaoonyesha watu wanaondoka dakika gani. Tazama sekunde 30 za kwanza. Kama wengi wanatoka hapo, tatizo ni utangulizi: muziki mrefu, mdhamini, salamu kwa wafanyakazi wote. Anzeni na sekunde 20 za jibu kali la mgeni. Kama wanabaki halafu mchoro unashuka ghafla dakika ya 17, nenda dakika ya 17 uone kulitokea nini, ndipo ulinganishe na ile safu ya dakika kwenye jedwali la Shangazi. Komenti na mchoro vikikutana mahali pamoja, hapo pana ukweli. Komenti bila mchoro ni hasira ya mtu. Anaweza kutukana na bado akaangalia hadi mwisho.

Rekebisheni kitu kimoja kwa vipindi viwili, kisha kingine. Mkibadilisha sauti, kadi na kiti kwa pamoja, hamtajua kilichosaidia.

Mwana wa Mvita

Sikizeni, wanaoandika komenti si wanaotazama sebuleni. Pigieni simu watu 30 waliowahi kutuma ujumbe kwenye kipindi. Msiwaulize "je, mwamtaka dada arudi?", hilo swali lina jibu ndani yake. Ulizeni: wiki jana mliangalia hadi mwisho? Mliacha wapi? Mwakumbuka nini alichosema mgeni? Asiyekumbuka neno la mgeni lakini akumbuka nguo za mtangazaji, huyo amewapa jibu.

Ila namba za watu zina sheria. Huku Kenya ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwenu ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Mtu aambiwe kwa nini apigiwa, akikataa afutwe kwenye orodha, na orodha isiende kwa mdhamini.

Kuhusu kujibu: kijana asibishane na mtu. Akaunti ya kipindi ibandike komenti moja juu, kwa mfano "Mmesema sauti ya mgeni iko chini, kuanzia wiki hii tumerekebisha". Lawama msizifute, futeni matusi tu. Studio ya YouTube ina mahali pa kuweka maneno ya kuzuia.

Fundi_Ratiba

Shangazi, nimehesabu kipindi cha nne. Kukatiza 31: kuitikia 17, muda 9, kumalizia sentensi 5. Za muda zote tisa ziko kipande cha mwisho.

Shangazi_Mhariri

Kipande cha mwisho kina nini ambacho vingine havina?

Fundi_Ratiba

Zawadi ya mdhamini. Dakika tatu na nusu.

Shangazi_Mhariri

Basi kipande hicho kina dakika sita na ushee, na kadi yake bado ina maswali ya dakika kumi. Zawadi ihamie mwanzo wa kipande cha pili, watu wakiwa bado wengi, hata mdhamini ataipenda hapo. Kadi ya pili ipungue iwe na matatu, ya mwisho irudi matano. Kuitikia ndiyo kazi yake ya wiki hii, hizo 17. Mwonyeshe kipindi chenyewe, asikie kwa masikio yake, usimsomee komenti.

Fundi_Ratiba

Sawa Shangazi. MzeeWaMiksa, Jumanne mgeni ni mama mwenye ushungi, na mara ya mwisho maiki ilikwaruza kipindi kizima. Iwekwe wapi?

MzeeWaMiksa

Juu ya ushungi, si chini yake. Kitambaa kikilala juu ya maiki kinaisugua kila akigeuza shingo. Ibane kwenye ukingo wa nje, shubiri moja chini ya kidevu, upande anaogeukia, yaani wa mtangazaji. Waya uufanyie kitanzi kidogo nyuma ya kibanio na kipande cha utepe wa gundi wa kitambaa, ili ukivutwa kisogee kitanzi, maiki ibaki. Abanwe na dada wa studio, na mumwombe avue mkufu kama unagusa. Kisha mpime akigeuka kulia na kushoto huku anaongea, usimpime akiwa ametulia.