Tumezunguka dunia, sasa tunataka kutulia Ureno, tunaanzia wapi?

mguunjia: Wakuu habari zenu, mimi na mke wangu tumezunguka dunia muda mrefu, mabegi mgongoni, sasa tumechoka kuhamahama na Ureno ndo imetukaa moyoni. Je tunaweza kuingia na viza ya utalii tukajipanga hukohuko? Na mnazoeaje kukaa sehemu moja, maana mie kila nikitulia kidogo naanza kuangalia bei za ndege.

BiNuru: Karibuni ugenini. Ya utalii msiitegemee kabisa, Schengen, yaani zile nchi za Ulaya zenye viza moja, Ureno ikiwemo, ni siku 90 tu ndani ya siku 180, na kutoka Ureno kwenda Hispania hakuanzishi hesabu upya, wengi wanakwama hapo. Ombeni viza ya ukaazi mkiwa bado nje, D7 ni ya wenye kipato kama pensheni au kodi ya nyumba, D8 ya wanaofanya kazi mtandaoni.

kisima: Na mkivuka siku 183 Ureno ndani ya miezi 12 mnahesabika wakaazi hata kwenye kodi, hilo mlijue mapema. Kuhusu kuzoea, miezi ya kwanza ni migumu jamani, safarini kila siku kuna jipya halafu ghafla ni foleni ya makaratasi na mtaa hujui mtu. Toeni nguo kwenye mabegi zote mziweke kabatini, anzeni darasa la Kireno wiki hiyohiyo, na muwe mnakunywa kahawa palepale kila asubuhi mpaka muuzaji awajue kwa sura.

mguunjia: Asanteni sana, D8 ndo yetu. Mke wangu anaingia kwenye ombi langu au anaomba la kwake?