Kutoa kopi nota na kurekodi nyimbo za watu shuleni: elimu au wizi?

Mwl_Nyakato: Wakuu, nafundisha sekondari hapa Ilemela, Mwanza. Kwa mahafali ya kidato cha nne nilitoa kopi nota za wimbo wa kwaya, wanafunzi wakaimba, mpiga video karekodi. Sasa anawauzia wazazi flashi 5,000. Mtunzi kanipigia simu amewaka. Sheria inasemaje?

SautiYaTatu: Asiwake kwa nini? Mnanunua nota moja, mnaipeleka stesheneri Buzuruga zinatoka arobaini. Mwenye mashine analipwa, mwenye wimbo hata soda hapati.

Wakili_Mtoro: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kifungu cha 12 kama sikosei, inaruhusu kutumia kazi kufundishia, mradi utaje mtunzi na chanzo. Mahafali si kipindi cha darasani. Flashi ya kuuza ndiyo kabisa.

KirumbaMwaloni: Flashi si zinakatwa tozo ya hakimiliki asilimia 1.5? Tumeshalipa. Na nyie walimu mnahangaika nini na nota? Imbisheni ngoma za Wasukuma, hazina mwenyewe.

NgwanaMagu: Hazina mwenyewe? Nenda Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, siku ya Bulabo, ile sikukuu ya mashindano ya ngoma, simama mbele ya Bagalu uwaambie hivyo. Kila wimbo una manju wake, yaani mtunzi anayeuongoza, na watu wanamjua kwa jina.

KirumbaMwaloni: Bagalu si wale wanaocheza na nungunungu?

NgwanaMagu: Umeona? Mtu wa soko la dagaa la Mwaloni anatufundisha ngoma! Wa nungunungu ni Banunguli, wa nyoka ni Bayeye. Bagalu na Bagika ni mambo mengine, ni vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana.

Kisesa_Juu: Bagika ndio wachezaji. Bagalu kelele tu.

NgwanaMagu: Bagika mnashinda kwa dawa, kila mtu anajua.

Kisesa_Juu: Dawa gani? Mkishindwa ni dawa, mkishinda ni kipaji. Babu yako alikimbia uwanja, uliza nyumbani.

Wakili_Mtoro: Jamani, hata hizo za jadi zina sehemu yake kwenye sheria hiyohiyo. Ukizitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili unahitaji kibali, BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, wanahusika.

Kisesa_Juu: BASATA waje Magu wakamuulize nani? Marehemu?

SautiYaTatu: Narudi kwenye tozo. Hiyo ni fidia ya watu kunakili majumbani, haimpi mtu ruhusa ya kufungua duka. Halafu mnashangaa mtunzi anaishia kuuza chipsi.

KirumbaMwaloni: Chipsi zina faida kuliko kwaya, usizidharau. Na hiyo ya "mtu wa soko la dagaa" sijaisahau.

Mwl_Nyakato: Samahani, mimi nimjibu nini? Mpiga video anasema yeye kauza picha, sauti imefuata yenyewe.

Wakili_Mtoro: Flashi zisimame, mkae watatu mkubaliane mgawo, muandikishane.

Kisesa_Juu: Mwalimu, kwanza huyo mtunzi ni wa Bagika au Bagalu?

Mwl_Nyakato: Ni Mhaya.

NgwanaMagu: Basi andaa hela, na barua iwe ya Kiingereza.