Mhusika wa kike akivutiwa na mwanamke mwenzake riwayani: wewe ulimsomaje? Tupeane uzoefu

Wadau, nimeirudia Passing ya Nella Larsen (1929) na kichwa hakijatulia. Irene ana mume, ana watoto, ana heshima zake pale Harlem, mtaa wa Weusi New York. Lakini kila Clare, rafiki yake wa utotoni, akitokea, masimulizi yanasimama kumtazama: macho, mdomo, kicheko. Kuna mahali Clare anaingia chumbani bila hodi na kumbusu kwenye nywele. Irene, aliyekuwa ameshaamua kuachana naye, anamshika mikono yote miwili na kumsifia uzuri wake. Kwangu huo si urafiki mtupu. Ninyi je, kwa hiki au kitabu kingine?

Kalamu Butu: Mimi nilisoma wivu. Clare ni Mweusi mwenye ngozi nyeupe, anapita kama mzungu, ana hela, hajali mtu. Irene anatamani ule uhuru, si mwenye uhuru. Halafu anamshuku Brian, mumewe, kuwa anatoka na Clare.

Mla Kurasa: Mkuu, nitafutie ushahidi wa hilo la Brian. Hatuwafumanii popote, yote tunayapata kupitia kichwa cha Irene. Mhakiki Deborah McDowell alilisema mwaka 1986: Irene anamtwika mumewe hamu iliyo yake mwenyewe. Nilipoijua hoja hiyo nikarudi kwenye barua ya Clare ya mwanzo, bahasha ndefu, wino wa zambarau, Irene anasita kuifungua. Dah. Mtu haogopi hivyo barua ya rafiki wa utotoni tu.

Bibi Rafu: Mimi yangu ni Mrs Dalloway ya Virginia Woolf (1925). Sally anachuma ua, anambusu rafiki yake Clarissa mdomoni, na Clarissa akiwa mtu mzima wa miaka 50 na ushei bado anaihesabu ndiyo dakika tamu kuliko zote maishani mwake. Kwenye kikundi chetu cha usomaji mwenzetu akasema, "Mambo ya usichana hayo." Nikamuuliza, angekuwa Peter, yule mwanamume aliyetaka kumuoa, ndiye aliyembusu, ungesema hivyo? Akaomba tuendelee na sura inayofuata. Tangu hapo hicho ndicho kipimo changu.

Msomaji Mbishi: Nakikubali nusu, dada. Riwaya za karne ya 19 zimejaa wanawake wanaoitana wapenzi na kulala kitanda kimoja, na wasomaji wa enzi zile hawakushtuka. Mimi naangalia mhusika anaficha nini. Ila Bi Danvers, msimamizi wa nyumba kwenye Rebecca ya Daphne du Maurier (1938), alinivuruga: katunza chumba cha marehemu Rebecca, mke wa kwanza, na nguo yake ya kulalia, na badala ya kuficha anamlazimisha mke mpya aguse. Anaringa kabisa!

Kalamu Butu: Sawa, basi nielezeni dirisha la mwisho wa Passing. Clare anaanguka, na mkono wa Irene ulikuwa kwenye mkono wake. Kama ni wivu naelewa. Kama anampenda, kwa nini?

Mla Kurasa: Kwa sababu Bellew, mume mzungu wa Clare, ameshajua siri kwamba ni Mweusi. Akimwacha Clare, Clare yuko huru kurudi Harlem moja kwa moja. Irene angemkwepea wapi?