Naomba ushauri: vipande vya mmea wa nyoka vitatoka na pindo la njano?

KivuliChaDirisha: Wakuu habari zenu. Nina mmea wa nyoka, ule wa majani yaliyosimama kama panga, kijani chenye mawimbi katikati na pindo la njano pembeni. Nimekata majani vipande vipande nikavitia kwenye gilasi ya maji vitoe mizizi. Swali langu ni moja tu: vitakuwa mmea mkubwa baada ya muda gani, na lile pindo litatoka vilevile? Naombeni majibu ya haraka, nina wiki tano.

MzeeWaUdongo: Wiki tano utakuwa na mizizi, ukibahatika. Chipukizi la kuchomoza juu ya udongo ni miezi, na mmea wa kupendeza macho ni mwaka na zaidi. Pindo lisahau kabisa. Jani la aina hiyo lina chembe za namna mbili zilizokaa tabaka tabaka, na kipande cha jani kikizaa, kinazaa kijani kitupu. Anayetaka pindo libaki anagawa mmea mama kuanzia kwenye shina la chini ya udongo, lile linalotambaa kama tangawizi. Mama yuko wapi? Na mbona wiki tano?

NimevutaKiti: Nipo hapa na gazeti langu. Endeleeni.

HewaSafi: Mimi ninayo sita chumbani. NASA walishathibitisha kwamba mmea huu unasafisha hewa. Tangu niiweke nalala kama mtoto.

MzeeWaUdongo: HewaSafi, lile jaribio la 1989 lilifanyika kwenye visanduku vidogo vilivyofungwa kabisa. Mwaka 2019 watafiti walipiga hesabu upya wakaona ungehitaji mimea kati ya 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba ili ufikie kazi inayofanywa na hewa inayopita tu ndani ya nyumba. Fungua dirisha. KivuliChaDirisha, nimeuliza mama yuko wapi.

BintiMakini: Kabla ya yote, nyumbani kuna paka au mbwa? Majani yana saponini, sumu kwa wanyama hao. Wa kwangu alitafuna ncha moja tu, akatapika povu jioni nzima, mazulia mawili yakaharibika. Tangu siku hiyo chungu kiko juu ya kabati.

KivuliChaDirisha: Mmea mama una matatizo kidogo. Ndiyo maana nikakata majani.

MzeeWaUdongo: Matatizo gani? Unamwagilia mara ngapi?

KivuliChaDirisha: Kila asubuhi, kikombe kimoja. Hakuna aliyeniambia vingine. Mmea usiomwagiliwa si unakufa? Majani yalianza kulegea chini, nikadhani ni kiu, nikaongeza cha jioni. Juzi nimelishika jani moja likang'oka lenyewe. Lilikokatikia ni laini na linateleza kama sabuni iliyolala kwenye maji, na harufu siwezi kuieleza. Nikakata sehemu za juu zilizokuwa bado ngumu.

MzeeWaUdongo: Vikombe viwili kwa siku! Mmea huu unafunga vinyweleo vyake mchana na kuvifungua usiku ili usipoteze maji. Umeumbwa kukaa na kiu, wewe unaukogesha. Udongo ukauke mpaka chini ndipo umwagilie, ikibidi ukae wiki tatu. Na hivyo vipande, uliweka alama upande wa chini? Ukikigeuza kichwa chini hakitoi mizizi.

KivuliChaDirisha: Sikuweka.

FundiWaMajirani: Nilihama nikausahau wa kwangu nyuma ya mlango miezi minne. Niliporudi kuuchukua ulikuwa unatoa ua, jeupe jeupe, usiku chumba kizima kinanukia. Upendo mwingi ndio unaoua mmea huu.

BintiMakini: Wiki tano za nini lakini? Dada hataki kusema.

KivuliChaDirisha: Haya. Mmea si wangu. Ni wa mama mkwe. Amesafiri, akaniachia mimi, anao tangu mume wangu hajazaliwa. Anarudi baada ya wiki tano. Wiki iliyopita aliomba picha nikamtumia ya zamani. Msinihukumu, alikuwa anaumwa na sikutaka kumtia presha. Nimeshapata mtu mwenye unaofanana nao, nitauhamishia kwenye chungu chake. Nilitaka tu na hivi vipande viwepo, dhamiri itulie.

UstaadhiWaAmani: Binti yangu, uongo mdogo huzaa mkubwa. Mpigie simu mama yako leo. Mmea utasahaulika, ila kudanganywa na mkamwana hakusahauliki.

KivuliChaDirisha: Ustaadhi, humjui mama huyu.

Mpelelezi: Wakuu, mnanyweshwa chai na hamjui. Mmea huu Waingereza wanauita "ulimi wa mama mkwe". Na huu hapa ni wa mama mkwe, umefia mikononi mwa mkamwana. Mnaona alivyoupanga? Subirini sehemu ya pili.

NimevutaKiti: Duh. Na mimi nilishaanza kumhurumia.

KivuliChaDirisha: Mpelelezi, hilo jina nalisikia kwako leo. Naapa. Sasa ndiyo nimeelewa kwa nini siku ya kunikabidhi alicheka peke yake akasema, "Nakuachia ulimi wangu."

Mpelelezi: Hahaha, na tangawizi imeongezwa.

MzeeWaUdongo: Chai haina ile harufu. Aliyeoza mmea ndiye anayejua kwamba jani linateleza kama sabuni. Dada, mizizi na udongo umeupeleka wapi?

KivuliChaDirisha: Kwenye mfuko, nyuma ya nyumba. Nilikuwa nautupa kesho.

MzeeWaUdongo: Ulete. Suuza, bonyeza kila kipande cha shina kwa kidole. Kinachobonyea tupa. Kigumu kibakishe.

KivuliChaDirisha: Nimerudi. Karibu chote ni uji wa kahawia. Kuna kimoja kigumu, urefu wa kidole gumba, nilipokikata ncha ndani ni rangi ya chungwa. Pembeni kina kitu kimechongoka kama jino la mtoto.

MzeeWaUdongo: Hilo jino ndilo mmea wenyewe, na litakuja na pindo lake. Kata kwa kisu safi mpaka usione kahawia. Kiache kivulini siku tatu kidonda kikauke, kisha mchanga wa chenga nene, udongo kidogo, chungu kidogo chenye tundu. Wiki tano litakuwa halijafika popote, nakwambia mapema.

KivuliChaDirisha: Asante sana mzee. Ila ule mwingine bado nitauchukua. Hiki nitakificha nyuma kwanza.

UstaadhiWaAmani: Lahaula.

BintiMakini: Mbona la paka hujajibu?

Mpelelezi: Weka picha ya hilo jino, pembeni karatasi yenye tarehe ya leo. Nitaomba radhi hapa hapa mbele ya watu.

KivuliChaDirisha: Picha siweki. Wifi yangu anasoma humu.

NimevutaKiti: Basi ameshasoma.

MzeeWaUdongo: Ukishapanda, wiki ya kwanza usimwagilie. Hata kikombe kimoja, dada. Hata nusu.