Mnaumba mhusika saa mbili nzima, dadu ikikataa mara moja mnamtelekeza. Halafu mnalia gemu halina uzito!

Dadu_Kavu (mleta uzi)

Wakuu, salamu baadaye, leo nimekuja na kero.

Haipiti wiki bila mtu kufungua uzi kulalamika kwamba RPG (magemu ya kuvaa uhusika) za siku hizi hazina uzito, eti uchague hili uchague lile mwisho ni uleule. Mbane akueleze alivyocheza. Mtihani wa kushawishi ukimkataa anabonyeza F8, anarudi kwenye sevu ya sekunde chache nyuma, anarusha tena. Kabla ya kujibu swali lolote la maana anafungua wiki (tovuti ya siri za gemu) kwenye simu kuangalia jibu lipi linalipa. Wenzake wa kundi wanaoweza kuuchukia uamuzi wake anawaacha kambini. Kaziba kila tundu ambalo matokeo yangepitia, kisha anauliza matokeo yako wapi!

Tupige hesabu, maana wengi mnaongea kwa hisia. Chukua Baldur's Gate 3. Umeunda Barbarian (mpiganaji wa mabavu), Strength (nguvu) 17, Charisma (mvuto wa kuongea) 8. Hiyo 8 inakukata pointi 1 kwenye kila jaribio la kushawishi. Mtihani wa 15 basi unataka dadu ya pande 20 iangukie 16 au zaidi, yaani namba 5 kati ya 20. Robo. Na si kwamba gemu limekunyima msaada. Kuna uchawi wa Guidance unaokuongezea dadu ya pande 4. Kuna pointi za Inspiration, unaweza kulimbikiza hadi 4, na kila moja ni ruhusa halali ya kurusha upya. Kuna Karmic Dice, ambayo inakuja imeshawashwa, ili usiandamwe na mikosi mfululizo. Ukiyatumia yote hayo na bado ukashindwa, basi Barbarian wako karopoka, watu wamekasirika, songa mbele kutokea hapohapo. Lakini ukiwa mtu wa kurudisha sevu, robo hiyo kwa wastani inakubali kwenye mrusho wa nne. Maana yake ile 8 haipo. Hakuna mlango uliowahi kumshinda mtu huyu kuufungua kwa mdomo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba Barbarian wa mzunguko wa kwanza, Wizard wa mzunguko wa pili na Rogue wa mzunguko wa tatu wote ni mtu mmoja. Wote wanamsamehe adui akipiga magoti, wote wanapokea kila misheni, wote wanapekua kila droo. Kilichobadilika ni nywele na silaha. Skyrim (2011) ndiyo iliyowadekeza wengi: unakuwa Arch-Mage (mkuu) wa College of Winterhold, chuo cha wachawi, huku uchawi unaoujua unahesabika kwenye vidole vya mkono mmoja, na mtu huyohuyo anaongoza wapiganaji, wezi na wauaji wa kukodiwa. Gemu lile halijui kukwambia hapana. Mlipaswa kujiambia wenyewe.

Mhusika unamjua kwa yale asiyoyaweza, na yale asiyokubali kuyafanya hata zawadi ikiwa nono. Mtu aliyecheza saa 80 bila kukataa misheni hata moja hana mhusika, ana tarishi.

Na msiniambie kushindwa kunaharibu hadithi. Disco Elysium (2019) ilishamaliza ubishi huo. Mle unarusha dadu mbili za pande 6. Moja-moja ni kushindwa daima, sita-sita ni kushinda daima, ndiyo maana asilimia hazishuki chini ya 3 wala hazipandi juu ya 97. Mtihani mweupe unaweza kuurudia ukishapandisha ujuzi husika. Mwekundu ni mara moja tu. Sasa jaribu kumkimbia yule meneja wa hoteli anayekudai, ushindwe. Mpelelezi wako anatimua mbio, anageuka hewani amtukane kwa vidole, na safari inaishia kwa bibi aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu. Ni moja ya vituko bora kabisa vya gemu lile, na anayerudisha sevu hajawahi kukiona.

Nawasilisha. Mje na hoja, sio povu.

Gurudumu_la_Majibu

Mkuu, nusu ya hasira yako nakuunga mkono, nusu nyingine umeipeleka kwa mtu asiyehusika. Mchezaji anafanya kile ambacho gemu linamlipa akifanye.

Mass Effect 2 (2010). Gurudumu la majibu: juu kulia ni Paragon (wema), chini kulia ni Renegade (ukatili), katikati hakuna pointi. Majibu ya pekee yenye rangi ya bluu au nyekundu yanakaa kushoto, na ili yafunguke gemu linalinganisha pointi ulizochuma na zile ambazo ungeweza kuchuma hadi kufikia hapo. Soma tena hapo. Linaangalia uwiano, halijali tu jumla. Kwa hiyo mtu anayempa Shepard (mhusika mkuu) tabia ya kibinadamu, mpole kwa raia, mkali kwa wauza silaha, anapungukiwa pande zote mbili. Adhabu yake anaikuta wenzake wa kundi, Tali na Legion, wakigombana, au Miranda na Jack: jibu la kuwapatanisha limefifia, inabidi uegemee upande mmoja na uaminifu wa mwingine unaondoka. Mchezaji akishaumizwa mara moja hapo, mzunguko unaofuata hasomi tena maneno. Kidole kinakaa juu kulia kuanzia dakika ya kwanza. Unamlaumu nani?

Walilijua tatizo. Mass Effect 3 (2012) ilijumlisha bluu na nyekundu kwenye kipimo kimoja cha sifa, kwa hiyo kuchanganya hakukuumizi tena. Ila mazoea yalishakomaa.

Knights of the Old Republic (2003) nayo ni yaleyale: kadiri unavyozama upande mmoja, wa nuru au wa giza, ndivyo nguvu za upande huo zinavyokugharimu kidogo na za upande wa pili zinavyopanda bei. Mtu wa katikati analipa pande zote.

Hela_Yangu

Gemu nimenunua mimi, sevu zangu, F8 yangu. Mnajipa presha bure. Mtu ametoka kazini amechoka, anataka kushinda alale.

Dadu_Kavu

@Hela_Yangu hakuna aliyekukataza, na gemu lina kiwango rahisi kabisa kwa ajili hiyo. Cheza utakavyo. Ila ukishamaliza usije kufungua uzi kwamba "chaguo hazina maana". Hilo tu.

@Gurudumu_la_Majibu hoja ya uwiano naikubali, ME2 ilikosea. Lakini usiwasafishe wachezaji kabisa. Dragon Age: Origins (2009) haina mita ya wema na ubaya, kuna kukubalika kwa kila mwenzako peke yake. Ulitegemea watu wangeanza kubishana na wenzao. Walichofanya ni kumjaza kila mmoja zawadi anazozipenda mpaka anatabasamu, halafu misheni yenye utata wanakwenda na wale wasiojali. Muundo ulikuwa mzuri, watu wakautafutia kichochoro. Bahati nzuri pale kwenye suala la Loghain (jenerali msaliti) kichochoro hakipo: ukimchukua kundini, mwenzako Alistair anaondoka. Na hapo ndipo watu walilia kuliko mahali pengine popote. Walitaka uzito, walipopewa wakaita uonevu.

Kiapo_Kimevunjika

Nami niongeze kero yangu: Paladini, mpiganaji anayefungwa na kiapo.

Kila siku mtu anakuja analia kwamba BG3 ina hitilafu, "kiapo kimevunjika bila sababu". Sababu ipo. Kila kiapo kina masharti yake, na uliyaona maelezo yake siku unaunda mhusika, ukayaruka kwa sababu ulikuwa unatazama uharibifu wa Divine Smite (pigo lake kuu). Ancients inalinda uhai. Devotion inataka haki na heshima kwa mamlaka halali. Vengeance inataka waovu waadhibiwe, kwa hiyo huruma inayompendeza Devotion inaweza kumponza Vengeance. Kosa la wengi zaidi ni kumshambulia mtu ambaye bado hajawa adui: wamemwona ana jina la kutisha, wakataka kuwahi pigo la kwanza. Kiapo kwisha.

Na kikivunjika, gemu halikutupi jalalani. Anakuja Oathbreaker Knight kambini, unaongea naye, unapewa nguvu mpya za mvunja kiapo, au unalipa dhahabu 1000 kurudisha kiapo chako. Ni simulizi kamili ya mtu aliyeanguka, imewekwa pale kwa makusudi. Watu wanafanya nini? F8. Au wanakwenda kwa Withers (yule wa kambini anayekubadilishia fani), dhahabu 100, wanageuka Fighter kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mtu hataki kuapa, anataka Smite. Basi sema hivyo.

Mstari_Mitatu

Naona hasira nyingi, dawa chache. Kwa anayetaka kweli kuvaa uhusika, fanya hivi kabla hujagusa nywele na pua:

Chukua karatasi, andika mistari mitatu. Wa kwanza, anataka nini kabla hadithi kuu haijamkuta. "Kuokoa dunia" haihesabiki, hiyo ni kazi ya gemu. "Kulipa deni", "kumpata aliyemsaliti", "asirudi tena kuwa mtumwa", hizo ni sawa. Wa pili, jambo moja ambalo hatalifanya kwa malipo yoyote. Wa tatu, kosa analolirudiarudia: anawaamini wenye vyeo, anadharau wachawi, hawezi kuacha matusi yapite. Huu wa tatu ndio unaofanya kazi kubwa, maana unakulazimisha kuchagua jibu ambalo wewe unajua ni baya.

Pointi usizisambaze sawasawa. Acha sifa moja iwe mbovu waziwazi, iwe ile utakayokutana nayo mara kwa mara. Ukiweka ubovu kwenye sifa isiyokuuma umejipunja mwenyewe.

Kurudisha sevu: ruhusu kwa kifo cha kundi zima, kwa hitilafu, na kwa jibu ulilolibonyeza ukidhani lina maana nyingine (kwenye magemu yanayoonyesha maneno matatu halafu mhusika anahutubia, hii hutokea sana, Fallout 4 ilikuwa mbaya kiasi kwamba watu walitengeneza modi (nyongeza ya wachezaji wenyewe) ya kuonyesha sentensi nzima). Dadu isihesabike.

BG3 ina Custom Mode, unapanga masharti mwenyewe. Humo unaweza kuficha namba inayotakiwa kwenye mtihani, na kuficha majaribio ya Perception (kugundua vilivyofichwa) uliyoshindwa. Hili la pili watu hawalipi uzito unaostahili. Ukiona kundi zima limeshindwa Perception, wewe mchezaji tayari unajua kuna mtego, unaanza kutembea kwa kunyata wakati mhusika wako hana habari. Ficha.

Mwisho, tenganisha msemaji na mkokotoaji. Tabia ya kumsogeza mbele Bard (mwimbaji mwenye maneno matamu) kila penye mazungumzo inamgeuza mhusika mkuu kuwa dereva. Aliyefika wa kwanza ndiye aongee, hata akiharibu.

Hela_Yangu

Sasa hiyo ni mitihani ya taifa au gemu?

Akili_Tatu

@Mstari_Mitatu hapo kwenye sifa mbovu umegusa penyewe. Magemu yanayoheshimu ubovu yapo, tatizo watu hawayajaribu. Fallout ya 1997 na ya pili yake: shusha Intelligence mpaka 3 au chini, mazungumzo yote yanabadilika. Mhusika anaguna, watu wanamfukuza au kumwonea huruma, misheni nyingi hazipatikani kabisa. Kwenye Fallout 2 kuna Torr, kijana wa Klamath ambaye kwa mhusika wa kawaida anaongea kwa shida. Nenda kwake ukiwa na akili ya 3 uone: wawili hao wanazungumza kwa ufasaha wa maprofesa. Nani kati yenu mnaolia "hakuna matokeo" ameshaliona hilo?

Na New Vegas (2010) waliondoa bahati nasibu ya Fallout 3. Mtihani wa Speech (kushawishi) unataka namba maalum, unayo au huna, na kama huna jibu lenyewe linaandikwa kwa maneno ya mtu asiyejua anachosema. Kurudisha sevu hakusaidii kitu. Bado watu walipata kichochoro: kusoma jarida la kuongeza pointi 10 sekunde moja kabla ya kufungua mdomo. Hilo silichukii sana, angalau linagharimu jarida.

Gurudumu_la_Majibu

Swali kwa mleta uzi. The Witcher 3 je? Geralt, mhusika mkuu, amekuja ametengenezwa, huchagui jina wala historia. Kwa kanuni zako hakuna uhusika pale?

Dadu_Kavu

Upo, na pengine wenyewe hasa. Geralt ana mipaka tayari, kazi yako ni kupima ndani ya mipaka hiyo. Hatima ya Ciri, binti yake wa kulea, inaamuliwa na nyakati chache ambazo wala hazina muziki wa kukutisha: kurushiana mipira ya theluji naye badala ya kumpa pombe, kumwachia aingie peke yake kwenye kikao. Huambiwi kwamba unapimwa. Ndiyo maana wenye wiki mkononi wanaiharibu kuliko gemu lolote, wanamlea binti kwa orodha ya majibu sahihi.

Kisha kuna Undertale (2015). Muue Toriel (mama mlezi wa mwanzoni), ujute, rudisha sevu, mwache hai. Flowey, ua linaloongea, anakuja kukwambia usoni kwamba anajua ulichofanya. Natamani kila studio ingenakili kipengele hicho.

Kiapo_Kimevunjika

Kwa BG3 karibu na hapo ni Honour Mode: sevu moja tu, kundi likifa lote mbio zako zimeisha kama Honour, ukiendelea ni bila hadhi hiyo.

Na bado kuna watu dadu ikiwakataa wanazima gemu kwa nguvu kabla halijasevu, wanaliwasha upya, halafu wanapiga picha ile dadu ya dhahabu waliyopewa mwishoni na kuja kutuonyesha. Hao mimi nimeshindwa nao, msimamizi wa jukwaa afanye kazi yake.